KUPAKA RANGI REJETA YA TREKTA

Maelezo haya yameandikwa kwa ajili ya mkulima mwenye trekta, au mwenye gari la kuchukulia mazao, au mwenye mashine ya kusaga au kuvuta maji ambayo injini yake hupozwa kwa maji. Kila mwaka mvua zikaribiapo, watu hutoa mitambo yao ghalani, huiosha na kuitazama, na wengi hununua kopo la rangi nyeusi wakaipaka rejeta. Wengine hufanya hivyo kwa kupenda tu kuliona trekta lao likipendeza. Wengine wameambiwa ya kuwa rangi nyeusi huvuta joto na kulitoa nje, basi injini haitachemsha tena. Na wengine huogopa kabisa kuigusa rejeta kwa brashi, kwa kuwa wamesikia ya kuwa rangi ni kama blanketi, huzuia joto lisitoke.

Maneno hayo mawili hayawezi kuwa kweli pamoja, na mkulima atakaye kumaliza ekari zake kabla majani hayajaota hana siku za kupoteza kwa kujaribu hili na lile. Jibu ni hili. Rangi nyembamba haiipozi injini wala haiidhuru kwa kiasi cha wewe kuona. Rangi nene huidhuru. Na injini ichemshayo haiponi kwa rangi ya namna yo yote, iwe nyeusi, nyekundu au ya fedha. Sababu zake si ngumu kuzifahamu, ukiisha kujua rejeta yafanyaje kazi.

KAZI YA REJETA

Mafuta yaunguapo ndani ya silinda, joto lake lote haligeuki kuwa nguvu ya kuvuta plau. Mafundi hukadiria ya kuwa fungu moja katika matatu huwa nguvu, fungu la pili hutoka pamoja na moshi, na fungu la tatu huingia katika chuma cha injini, nalo halina budi kuondolewa kwa maji. Fungu hilo si dogo. Trekta lenye nguvu za farasi 45, likilima kwa nguvu zake zote, hutia katika maji yake joto la kilowati 20 hata 30, nalo ni sawa na joto la majiko kumi na tano ya umeme yaliyowashwa kwa pamoja. Joto hilo likikosa njia hata kwa muda mfupi, maji huchemka na kumwagika, chuma cha hedi hupinda, gasketi yake huungua, na pistoni hukwama ndani ya silinda. Hapo mkulima hupoteza mtambo, na pengine hupoteza na msimu, maana fundi na vipuri havipatikani kwa siku moja wakati ambapo kila mtu analima.

Maji ya moto hutoka kwenye injini kwa bomba la mpira, huingia katika tangi la juu la rejeta, kisha hushuka kwa mirija mingi iliyo bapa na myembamba mpaka tangi la chini, na pampu huyarudisha katika injini yakiwa yamepoa. Katika magari ya siku hizi matangi aghalabu huwa ubavuni, na maji hupita kwa kulala, lakini kazi ni ile ile. Kati ya mirija hiyo vimetiwa vibati vyembamba kama karatasi, vingi mno, navyo vimeshikamana na mirija ili vipokee joto lake. Kama ungeweza kuvikunjua vibati vyote vya rejeta ya trekta na kuvitandika chini, vingefunika sakafu ya chumba kidogo. Eneo kubwa kama hilo limekunjwa ndani ya kitu ambacho mtu mmoja aweza kukibeba kifuani, kwa ajili ya jambo moja tu: upepo uvutwao na feni upite katikati yake, uguse kila mahali, na uondoke na joto.

Watu wa kwanza kutengeneza magari hawakulijua hili vema. Magari yao yalichukua maji mengi, nayo yalichemka na kupotea hewani, na dereva alikuwa akisimama njiani kuongeza mengine. Kisha mwaka 1901 kiwanda cha Daimler huko Ujerumani kilitoa gari la Mercedes lenye nguvu za farasi 35, ambalo fundi Wilhelm Maybach alikuwa ameliundia rejeta mfano wa sega la nyuki. Ilikuwa na vijibomba 8,070 vya pembe nne, kila kimoja upana wake milimita 6. Upepo ulipita ndani ya vijibomba hivyo na maji yalizunguka nje yake, na nyuma kulikuwa na feni ndogo ya kuvuta upepo hata gari liendapo polepole. Rejeta zote tuzionazo leo zafuata shauri lile lile. Mambo mengi yamebadilika tangu hapo, lakini katika hayo yote ushindi ulipatikana kwa kuuongezea upepo mahali pa kugusa. Haukupatikana kwa rangi.

Huenda jina lenyewe ndilo liliwapoteza watu. Neno rejeta limetoka katika neno la Kiingereza lenye maana ya kitu kitoacho joto kwa mionzi, kama jua lilitoavyo. Mtu akilisikia jina hilo hudhani ya kuwa mionzi ndiyo kazi yake kubwa, na kwa kuwa kitu cheusi hutoa mionzi ya joto vizuri kuliko kitu king'aacho, basi huona ya kuwa kuitia rangi nyeusi ni akili. Akili ipo, lakini hesabu haipo.

RANGI NYEUSI YATOA JOTO?

Waweza kujaribu jambo hili nyumbani bila gharama. Twaa makopo mawili ya bati yaliyo sawa na yenye kung'aa. Moja liache lilivyo. La pili lishike juu ya moshi wa kibatari mpaka liwe jeusi nje kote. Yatie maji ya moto kwa kipimo kimoja, yafunike, kisha yaweke ndani ya nyumba mahali pasipo na upepo. Baada ya nusu saa utaona ya kuwa maji ya kopo jeusi yamepoa zaidi. Basi waliosema ya kuwa weusi hutoa joto hawakusema uwongo. John Leslie wa Uskoti alilionyesha jambo hili katika kitabu alichokitoa mwaka 1804, baada ya kutia maji ya moto katika sanduku la chuma ambalo upande mmoja uling'arishwa na upande mwingine ukapakwa masizi.

Sasa rudia tena, lakini safari hii yaweke makopo nje penye upepo mwingi, au yapepee yote mawili kwa kipepeo cha jikoni. Yote mawili yatapoa upesi, na ile tofauti itapungua sana. Mtu atakaye chai yake ipoe huimimina katika kisahani na kuipuliza; hakuna aliyepata kuonekana akikipaka kikombe rangi. Hali ya rejeta ni hali ya kisahani, maana feni yaipuliza tangu injini inapowaka hata inapozimwa.

Kwa wale wapendao hesabu, hii hapa. Kitu cheusi chenye upana wa mita moja ya mraba, kikiwa na joto la nyuzi 90 mahali penye joto la nyuzi 30, hutoa kwa mionzi wati 500 hivi, wala hazizidi. Uso wa rejeta ya trekta ni kama robo ya mita ya mraba, basi upande wa mbele hutoa wati 120 au pungufu. Upande wa nyuma waitazama injini, nayo ni ya moto kama hiyo rejeta, basi huko haupatikani msaada mwingi. Na vile vibati vya ndani vyatazamana vyenyewe kwa vyenyewe: joto la mionzi litokalo katika kimoja huingia katika jirani yake. Ndiyo kusema ya kuwa katika joto la wati 20,000 au zaidi, mionzi haichukui hata fungu moja katika mia. Yaliyobaki yote huchukuliwa na upepo. Tena rejeta ya shaba isiyopakwa kitu, ikiisha kukaa mwaka mmoja katika vumbi na matope, imekwisha kuwa na weusi wa kutosha pasipo kununua kopo.

Liko na jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Rangi nyeupe ya kawaida hutoa mionzi ya joto karibu sawa na nyeusi. Macho yetu huona tofauti kubwa kati yake kwa sababu ya mwanga wa jua, lakini mionzi itokayo katika kitu chenye joto la nyuzi 90 haionekani kwa macho, na katika mionzi hiyo rangi nyingi hufanana. Ile rangi ya fedha yenye unga wa alumini ndani yake ndiyo iliyo dhaifu. Lakini hata hiyo, kwenye rejeta yenye feni, hutaona hasara yake kwenye mshale wa joto. Hasara huonekana katika vyuma vya kupasha joto nyumba za nchi za baridi, ambavyo havina feni na hutegemea mionzi kwa sehemu kubwa ya kazi yake. Pengine huko ndiko kulikozaliwa sehemu ya mabishano haya.

RANGI NI BLANKETI?

Wale waogopao rangi nao wana haki yao. Ni kweli rangi hupitisha joto kwa shida kuliko shaba na alumini. Lakini fikiri watu mia wangojao kuvuka mto kwa mtumbwi mmoja uchukuao watu wanne. Mtu akimwaga ndoo ya maji katika njia iendayo mtoni, watu watakanyaga tope kidogo, lakini hawatachelewa ng'ambo kwa sababu ya tope lile. Kinachowachelewesha ni mtumbwi. Katika rejeta mtumbwi ni hewa: joto hupita upesi katika maji, upesi katika mirija, upesi katika vibati, kisha husimama likingoja upepo wa kulichukua. Tabaka moja la rangi lililopulizwa vema, lenye unene wa kama sehemu ya arobaini ya milimita, huongeza kizuizi cha fungu moja katika mia hivi. Ni ile ndoo ya maji njiani.

Lakini sasa mtazame mtu aliyetwaa rangi ya mafuta ya kupakia milango, akaikoroga nzito, akaipaka rejeta kwa brashi mara mbili tatu mpaka ikameta. Unene wake waweza kufika sehemu ya tano ya milimita. Hapo kizuizi chafika karibu fungu moja katika kumi, nacho hakidharauliki. Na huo si ubaya wake mkubwa. Nafasi kati ya kibati na kibati ni milimita 2 hivi, na rangi yakaa pande zote mbili. Basi imekula sehemu ya tano ya mlango wa upepo. Mahali pembeni rangi hujikusanya na kuziba kabisa. Vibati vya siku hizi vina mikato midogo iliyoinuliwa kidogo kama mbao za dirisha, ambayo kazi yake ni kuukoroga upepo ili uguse chuma vizuri. Rangi nzito huifunga mikato hiyo yote. Kisha, kwa kuwa rangi ya namna hiyo hunata siku nyingi inapopata moto, vumbi la kwanza la shambani hugandamana nayo, na makapi hugandamana na vumbi. Mtu huyo alikusudia kuitengeneza rejeta, naye ameifumba pumzi.

Ubaya kuliko huo ni kupaka oili chafu ya injini, kama wafanyavyo watu wengine ili kuzuia kutu. Oili haikauki kamwe. Trekta lililopakwa oili kwenye rejeta, likipelekwa kuendesha mashine ya kupukuchua mahindi, huwa na ngozi ya pumba kabla ya saa sita mchana.

UNUNUAPO TREKTA KUUKUU

Hapa ndipo rangi ya rejeta iwezapo kukugharimu fedha nyingi kuliko mahali pengine po pote, kwa hiyo soma polepole. Trekta kuukuu likiletwa sokoni limepakwa rangi mpya kila mahali, hilo si kosa. Kila muuzaji hupenda mali yake ipendeze. Lakini rangi mpya juu ya vibati vya rejeta yataka kuulizwa. Rejeta ivujayo huacha alama penye maungio: mistari myeupe, au ya kijani kibichi penye shaba, au ya rangi ya kutu. Alama hizo ndizo shahidi wako, na rangi hufuta shahidi kwa siku moja.

Mwambie muuzaji akuruhusu kufanya mambo haya. Kwanza, injini ikiwa baridi na imezimwa, mtu mmoja ashike tochi nyuma ya rejeta nawe utazame kwa mbele. Mwanga uonekane kila mahali kati ya vibati. Palipo giza pameziba, ama kwa uchafu, ama kwa rangi. Gusa vibati kwa ncha ya kidole: vikivunjika kama majani makavu, rejeta hiyo imekwisha, hata ikiwa nyeusi na nzuri namna gani. Fungua kifuniko, utazame maji yaliyomo. Maji yenye rangi ya matope ya kutu, au yenye mafuta yaeleayo juu yake, yakueleza habari ambazo muuzaji hakukueleza.

Kisha injini iwashwe, ifanye kazi mpaka ipate moto wa kiasi, izimwe, na feni isimame kabisa. Pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta kutoka juu hata chini na kutoka upande mmoja hata wa pili. Joto lapasa kupungua taratibu kwa kadiri maji yaendavyo. Ukikuta mahali pa baridi katikati ya moto, mirija ya hapo imeziba kwa ndani, na maji hayapiti. Kuziba kwa ndani hakuna rangi iwezayo kukuponya, wala kukuficha ukitumia mkono wako.

INJINI ICHEMSHAYO

Kama trekta lako lachemsha, acha habari ya rangi kwanza. Mara nyingi sababu ya kwanza ni makapi na vumbi mbele ya rejeta, nayo ndiyo iliyo rahisi kuondoa. Osha kwa maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, yaani kinyume cha njia ya upepo, ili uchafu urudi ulikotoka. Ukiosha kutoka mbele wausukuma ndani zaidi. Maji yasiwe ya nguvu nyingi, maana bomba kali la kuoshea magari huvilaza vibati, na vibati vilivyolala ni sawa na ukuta. Vilivyolala vinyooshe kimoja kimoja kwa kisu butu. Ni kazi ya kuchosha, nayo ndiyo yenye faida kuliko kopo la rangi. Wakati wa kupura na kupukuchua, fanya hivi kila siku jioni.

Tazama na mkanda wa feni. Ukiubonyeza katikati kwa kidole gumba usilegee zaidi ya sentimita 2 hivi. Kitabu cha trekta lako kitasema kipimo chenyewe. Lile bati lizungukalo feni lisitolewe na kutupwa, kama wengi wafanyavyo wakiona lawazuia kufungua bolti. Bila bati hilo feni huzungusha hewa ile ile ya moto badala ya kuivuta mpya kupitia rejeta. Na usimkubali fundi atakayekuambia aitoe thamostati na kuitupa ili maji yapite kwa wepesi. Injini isiyo na thamostati hukaa baridi siku za baridi, hula mafuta mengi, na silinda zake huchakaa upesi. Kama thamostati imekufa, tia mpya.

Kwa ndani adui ni ukoko. Maji ya visima vingi vya nchi kavu yana chokaa na chumvi, nayo huacha ndani ya mirija ukoko mweupe kama ule wa ndani ya birika. Ukoko huo ni blanketi ya kweli, kwa maana wakaa penye chuma cha silinda ambako joto ni kali kupita pote, tena kila mwaka huongezeka. Tumia maji ya mvua yaliyokingwa vizuri, pamoja na dawa ya rejeta ya kuzuia kutu kwa kipimo kilichoandikwa chomboni. Rejeta ya alumini haiwezi kudumu bila dawa hiyo.

Wakulima wa nchi za juu wana jambo lao la peke yao. Huko Njombe au Eldoret, ambako nchi imeinuka mita 2,000 hivi juu ya bahari, maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 93, wala hayangoji 100. Tena hewa ya huko ni nyepesi, pungufu kwa karibu sehemu ya tano, basi feni ile ile huchukua joto kidogo zaidi. Kinachookoa injini huko ni kifuniko cha rejeta, chenye springi ya kushikilia mvuke ndani. Kifuniko cha nguvu ya nusu baa huyafanya maji ya Njombe yasichemke mpaka nyuzi 107. Mpira wa kifuniko hicho ukipasuka, umepoteza nyuzi 14 kwa kitu cha bei ndogo, na hapo ndipo watu huanza kutafuta rangi nyeusi.

Na kwa sababu hiyo hiyo, usifungue kifuniko injini ikiwa ya moto. Maji ya ndani yamezidi joto la kuchemka, na nguvu ikiondolewa ghafula yote hufoka mara moja kama chemchemi. Wengi wameunguzwa nyuso na vifua kwa haraka ya dakika moja. Zima injini, keti kivulini mpaka mpira wa juu ushikike kwa mkono pasipo kuunguza, kisha funika kifuniko kwa kitambaa kinene, ukilegeze kidogo kidogo mpaka mvuke wote utoke.

UKITAKA KUPAKA

Baada ya hayo yote, bado iko sababu njema ya kupaka. Rejeta nyingi za zamani ni za shaba, lakini mbavu na vishikio vyake ni vya chuma, navyo huliwa na kutu. Karibu na bahari upepo wa chumvi hula vibati vyenyewe, hata vya alumini. Mwenye trekta Tanga au Kilifi ana haki ya kupaka. Mwenye rejeta ya alumini huko bara, ikiwa haina alama ya kuliwa, aiache ilivyo, kwa maana alumini hujifanyia ngozi yake yenyewe ya kujilinda.

Rejeta na itolewe katika trekta ikiwezekana, maana ukipaka ikiwa mahali pake, upande wa nyuma hautaufikia, na feni na mkanda vitapata rangi visivyoihitaji. Ioshe kwa maji na sabuni mpaka mafuta yote yatoke, uisuuze, uiache juani siku nzima. Vibati visisuguliwe kwa msasa. Ziba midomo ya mabomba kwa vitambaa. Kwa mbavu, vishikio na matangi ya chuma tumia brashi upendavyo, pamoja na rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kwa kuwa huko upepo hauna njia ya kupita. Kwa vibati tumia rangi nyeusi isiyong'aa ya kopo la kupuliza, ile iliyotengenezwa kwa rejeta ikiwa yapatikana. Simama mbali kiasi cha sentimita 30, pitisha mkono kwa wepesi pasipo kusimama mahali pamoja, mara moja kutoka kulia na mara moja kutoka kushoto kwa kuinamisha kopo kidogo. Ukiona ya kuwa ndani ya vibati rangi haikufika, usiifuate. Kilichokufikia machoni ndicho kinachotosha. Fanya kazi hiyo nje penye hewa, mbali na moto na sigara, na kitambaa puani.

Kabla hujaanza kupaka, yaani siku trekta linapolima kwa mara ya mwisho, tazama mshale wa joto umesimama wapi na uandike. Baada ya kupaka, lima tena shamba lile lile kwa gia ile ile, saa ile ile ya mchana. Mshale ukisimama palepale, kazi yako ni njema. Ukipanda, rangi ni nene, nayo haina budi kutolewa. Usiitoe kwa kuichoma moto, kwa kuwa lehemu ya risasi na bati ishikiliayo rejeta ya shaba huanza kuyeyuka kwa nyuzi 183, nawe utabaki na mirija iliyotengana. Wala usiichovye rejeta ya alumini katika kostiki soda, ingawa mafundi wengine huitumia kuondolea rangi katika vyuma vingine. Kostiki hula alumini yenyewe, na vibati vitayeyuka pamoja na rangi. Ipeleke kwa fundi wa rejeta, umweleze ni ya chuma gani na ni rangi gani uliyoitia.